Kwani au kumbe? Kanuni nne za dhana-tangulizi, na ipi ukae nayo

Kuna mtu ninayemfahamu juu juu tu alinitumia meseji, inaanza hivi: "Asante sana kwa kukubali kunihariria mswada wangu, naambatanisha sura ya kwanza." Nikaisoma mara mbili. Kukubali? Nilikubali lini mimi? Tulikutana mara moja, akaniambia anaandika, nikamwambia hongera, ikaishia hapo. Na ukiitafuta sehemu yenye uongo kwenye ile meseji unaikosa, maana yeye ameshukuru tu, na mtu akishasema asante ameshashukuru, huwezi kumwambia "hiyo asante yako sio kweli". Mzigo wenyewe, yaani lile la mimi kukubali, hakuusema popote, ameuchukulia kwamba upo tayari na sote wawili tunaujua, akapita zake.

Kitu cha namna hiyo mimi nitakiita dhana-tangulizi, wapo wanaotumia majina mengine ila tusigombanie jina. Kukitambua ni rahisi. Chukua "Ameacha kuvuta sigara". Ikanushe: "Hajaacha kuvuta sigara". Iulize: "Ameacha kuvuta sigara?" Iweke kwenye kama: "Kama ameacha kuvuta sigara, nitafurahi". Kote huko kuna kitu kimoja hakitikisiki, kwamba huyu mtu alikuwa anavuta. Kauli ya kawaida ukiikanusha inakufa, hii inabaki imekaa palepale. Ndio maana lile swali la zamani la "umeacha kumpiga mkeo?" halina jibu la ndio wala hapana kwa mtu ambaye hajawahi kumgusa mkewe.

Sasa karibu kila aliyeandika juu ya hili anakubali kwamba kuna namna ya kukosea hapa. Ugomvi ni kosa gani hasa, na la nani. Hapo ndipo anayeanza kusoma anachanganyikiwa, kwa sababu hawa wanafalsafa hupangwa foleni kwa miaka, Frege, Strawson, Stalnaker, Lewis, unadhani kila mmoja kaja kumsahihisha aliyetangulia na wa mwisho ndio kapatia. Mimi nimekaa nao muda nikaona sivyo, wanajibu maswali tofauti, kwa hiyo kuchagua kati yao ni kuchagua kwanza unataka kumkamata nani. Mwenye meseji? Sentensi yake? Au mimi niliyeisoma nikanyamaza?

Nitawapitisha wote kwenye kesi zilezile tuone. Ya kwanza ni hiyo meseji. Ya pili haina madhara kabisa, mtu umekutana naye leo unamuuliza kama mtakula pamoja anakujibu "hapana, naenda kumpokea dada yangu", na wewe hukujua kama ana dada wala hujali. Ya tatu ni mtu anayemuuliza rafiki yake mbele ya mke wake, "yule mtoto wako wa nje anaendeleaje?", na mtoto kweli yupo, ila mke hakuwa anajua. Na ya nne, mtu anakwambia "hongera kwa kufaulu" matokeo hajayaona wala hajasikia kwa mtu, kabahatisha tu, alafu ikatokea kweli umefaulu.

Tuanze na wazee. Frege mwaka 1892 alichukua sentensi ya kwamba Kepler alikufa katika dhiki akasema mtu akiidai hiyo anachukulia kwamba jina Kepler lina mwenyewe, lakini hilo sio sehemu ya maana ya sentensi. Ushahidi wake mzuri sana: lingekuwa sehemu ya maana, basi kuikanusha ingebidi useme "ama Kepler hakufa katika dhiki, ama jina Kepler halina mwenyewe", na hakuna mtu anayekanusha hivyo. Russell mwaka 1905 akaja na mfalme wa Ufaransa mwenye upara, wakati Ufaransa ni jamhuri haina mfalme, yeye akaihukumu ile sentensi kuwa ni uongo tu basi, kuwepo kwa mfalme ni sehemu ya kinachodaiwa. Strawson mwaka 1950 akamgeukia, kwamba mtu akikwambia mfalme wa Ufaransa ana hekima wewe humjibu "uongo", unamwambia Ufaransa haina mfalme bwana, yaani swali la kweli au uongo halijazuka kabisa.

Ukikaa upande huu kanuni yako inakuwa nyepesi: unachokichukulia kiwe kweli, kisipokuwa kweli umetamka lakini hujasema kitu. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kujua kichwani mwa mtu kuna nini, unaiangalia sentensi na dunia umemaliza. Kwa anayeshughulika na maana ya maneno, anayetengeneza programu ya kuchambua lugha, anayetaka kujua "acha" na "tena" na "jua kwamba" yanabeba nini, hapa pana kazi nyingi na safi.

Ila zipitishe kesi. Meseji inakamatwa, sawa, sikukubali kwa hiyo asante imeelea hewani. Dada anapita, yupo. Mtoto wa nje naye anapita bila kuguswa, kwa sababu yupo! Na yule mbahatishaji wa hongera anapita pia. Kesi mbili ambazo mtu yeyote mwenye akili timamu anaona kuna kosa, kanuni hii inazipa alama zote. Strawson mwenyewe baadaye, mwaka 1964, alikiri mambo hayako sawa kila mahali, kwamba ukisema maonyesho yalitembelewa jana na mfalme wa Ufaransa watu wataona huo ni uongo wa kawaida tu, kwa sababu habari inahusu maonyesho. Kumbe hata lile shimo lisilo kweli wala uongo linategemea mazungumzo yanahusu nini. Mimi hapa huwa siishi, napita.

Stalnaker ndiye aliyebadilisha mchezo miaka ya 1970. Alisema tuache kuuliza sentensi inatangulizia nini, sentensi hazitangulizii, watu ndio wanaotangulizia. Mkiwa mnaongea kuna vitu ambavyo nyote mnavikubali kwa ajili ya yale mazungumzo, na kila mmoja anajua mwenzake anavikubali, na anajua kwamba mwenzake anajua, na kuendelea. Huo ndio msingi wa pamoja. Kudai kitu ni kuomba kiongezwe kwenye msingi, kutangulizia ni kusimama juu ya kilichopo. Kwa hiyo kanuni: usitangulizie kitu ambacho hakipo kwenye msingi wa pamoja.

Angalia neno kukubali pale, sio kuamini. Mtoto akikuuliza kwa nini Sungura alimdanganya Fisi, nyote mnajua sungura haongei, ila kwa muda huo mmekubaliana anaongea na swali ni halali kabisa. Kanuni ya ukweli ingemwambia mtoto swali lake halijazuka, pole sana mtoto.

Na kesi ya mtoto wa nje sasa inakamatwa vizuri kuliko kote. Yule muulizaji hajasema uongo, hajabahatisha, anajua fika. Kosa lake ni kwamba kati ya watu watatu waliokuwa pale mmoja hakuwa na hiyo habari, na yeye kaongea kana kwamba wote watatu wanayo. Ukimuuliza amekosea nini atakwambia "mimi si nimeuliza hali ya mtoto tu?" Na kweli kauliza tu, hapo ndipo ubaya ulipo.

Shida ya Stalnaker ni dada. Dada hakuwepo kwenye msingi, hata jina lake hujui, na sentensi imeingia laini kama siagi kwenye mkate wa moto. Ukiishika kanuni kwa ukali basi watu wanaivunja kutwa nzima na hakuna anayelalamika, na sheria inayovunjwa na kila mtu bila malalamiko ujue umeiandika vibaya. Stalnaker aliliona hili mapema, jibu lake likawa ni suala la muda. Msingi haupimwi kabla mtu hajafungua mdomo, unapimwa baada ya yeye kutamka ila kabla wewe hujaamua kukubali au kukataa alichodai. Kwenye hako kanafasi wewe umeshasikia "dada yangu", umejiambia sawa ana dada, mtu haoni faida ya kudanganya kuhusu dada, na ikawa tayari ni ya wote wawili. Mwanaisimu Kai von Fintel ameitetea hoja hii ya muda vizuri sana, na ana mfano wa binti anayemwambia baba yake kwamba alisahau kumwambia, yeye na mchumba wake wanahamia Seattle wiki ijayo. Baba hakujua kuna mchumba! Kanuni ya muda inatabiri vizuri tu baba atakwamia wapi, kwa sababu habari ya mchumba sio habari ya dada, hiyo haipiti kimyakimya.

Mimi nakubaliana na hiyo hoja kwa asilimia kubwa ila naona imehamisha kanuni mahali. Mwanzo ilisema "tangulizia kilichopo", sasa inasema "tangulizia ambacho msikilizaji atakipitisha bila maneno". Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na cha pili kina mlango wa nyuma mkubwa, tunaufikia.

Kabla ya hapo Lewis. Mwaka 1979 aliandika kwamba mazungumzo yana ubao wa matokeo kama mchezo, tofauti ni kwamba kwenye mchezo ukicheza vibaya ubao haubadiliki ili mchezo wako uwe sahihi, lakini kwenye mazungumzo unabadilika. Ukisema kitu kinachohitaji dhana fulani iwepo na haipo, inatokea hapohapo, mradi hakuna anayepinga na haijavuka mipaka. Mimi hicho kitendo cha msikilizaji nakiita kupisha, kama unavyompisha mtu mlangoni.

Watu wengi wakifika hapa wanasema basi nimepata kanuni yangu: tangulizia unachotaka, wakikupisha halali, wakikukatalia batili. Hapo nawaomba wasimame. Lewis hakutoa kibali, ameeleza kinachotokea. Fikiria goli la kuotea ambalo refa hakuliona. Goli limehesabiwa, timu imechukua alama tatu, msimamo wa ligi umebadilika, yote hayo ni kweli kabisa, na mchezaji aliotea. Kuhesabiwa na kuwa halali ni maswali mawili. Anayechukua maelezo ya Lewis akayafanya kanuni ya mwenendo ni kama mshambuliaji anayesema kwa kuwa kibendera hakikunyanyuliwa basi hakuotea.

Ila kama ramani ya nguvu, Lewis hana mpinzani, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndio sehemu watu wanaipuuza. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus aliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya ajali. Baadhi akawauliza lile gari jeupe la spoti lilikuwa na spidi gani lilipopita ghala la shambani, wengine akawauliza spidi bila kutaja ghala. Kwenye filamu hapakuwa na ghala. Wiki moja baadaye akawauliza wote, mliona ghala? Waliokuwa wameulizwa swali lenye ghala, asilimia 17.3 walisema ndio, wale wengine asilimia 2.7. Hakuna aliyewaambia kuna ghala. Waliulizwa spidi. Ghala liliingia kwa mlango wa pembeni likaenda kukaa kwenye kumbukumbu kabisa, sio kwenye mazungumzo tu.

Loftus na mwenzake Zanni walifanya nyingine mwaka huohuo, wakibadilisha kineno kidogo tu cha Kiingereza, wakaweka "the", cha kuonyesha kwamba kitu kinajulikana, badala ya "a", wakauliza kuhusu taa ya gari iliyovunjika, na walioulizwa kana kwamba taa inajulikana wakasema wameiona mara nyingi zaidi hata pale ambapo haikuwepo. Ukisoma tafsiri za hilo jaribio zinapwaya kwa sababu sisi hicho kineno hatuna. Lakini kazi yake tunayo, imejificha kwenye kitenzi. Linganisha "Uliona taa iliyovunjika?" na "Uliiona taa iliyovunjika?" Silabi moja, hiyo -i- ya katikati, na ya pili tayari imeshakuambia kuna taa, wewe sema tu kama macho yako yalifika. Ndio maana mahakama nyingi zinamzuia wakili kumwongoza shahidi wake mwenyewe kwa maswali ya namna hii, anaruhusiwa kumwongoza wa upande wa pili, ambaye anategemewa kuwa macho.

Rae Langton na Caroline West mwaka 1999 waliichukua ramani ya Lewis wakaonyesha kwamba hata dharau juu ya kundi la watu inaweza kuingia hivihivi, bila mtu kuidai waziwazi, hadithi inaisimamia tu kama kitu kilichopo na msomaji anaipisha ili hadithi iendelee. Baadaye Langton akaandika kuhusu kuzuia, yaani msikilizaji kuitoa ile dhana chini na kuiweka mezani kabla haijakaa. Tuikumbuke hiyo.

(Pembeni kidogo, kuna kanuni ya Irene Heim ya mwaka 1991 inayokwenda kinyume na zote, inasema ukiweza kutangulizia basi tangulizia. Mtu akisema "baba mmoja wa marehemu alifika" utashtuka, kwa sababu marehemu ana baba mmoja na kila mtu anajua, kwa hiyo ulipaswa kusema "baba wa marehemu" ukaishia hapo, ukiongeza "mmoja" watu wanaanza kuhesabu mababa. Ni kanuni nzuri ya uchaguzi wa maneno, sio ya kumkamata mtu, naiacha.)

Kanuni ya nne ni ya ujuzi. Timothy Williamson, kwenye makala ya 1996 na kitabu cha 2000, alitetea kwamba kudai kuna kanuni moja: dai tu unachokijua. Ukiivuta mpaka huku inakuwa: tangulizia tu unachokijua. Ninachoipendea ni kwamba inamkamata mbahatishaji wa hongera. Alichokitangulizia ni kweli, na pengine kila mtu alikipisha kwa furaha, Strawson kampitisha, Lewis kampitisha, na bado ukigundua hakuwa na habari yoyote unaona kabisa amefanya mchezo na jambo lako, ungeweza kuwa umefeli ukaambiwa hongera mbele za watu. Na mwenye meseji yangu je? Huyu ndiye wa kwake kabisa. Alijua sikukubali, au kwa uchache hakujua kama nimekubali, na hakuna swali lingine la kuuliza.

Udhaifu wake upo kwa mtoto wa nje, pale muulizaji alijua, kwa hiyo ujuzi peke yake hautoshi. Na upo pengine tena ambapo Kiswahili kinautoa nje kuliko lugha nyingi. Ebu angalia "hajaolewa". Hiyo -ja- imebeba matarajio kwamba jambo lipo njiani linakuja, tofauti na "hana mume" ambayo inataja hali tu. Ukiulizwa umeolewa jibu la mkato ni "bado", na "bado" nayo imeahidi kitu kwa niaba yako. Sasa mpelekee mtu wa kanuni ya ujuzi, muulize anayesema "fulani hajaolewa" amejua nini? Kwamba ataolewa? Hakuna anayejua hilo. Sarufi imemkabidhi matarajio ya watu wote na yeye hakuyachagua, kayapitisha tu. Kusema kila msemaji wa "hajaolewa" kavunja kanuni ni kujitafutia ugomvi na lugha nzima, lakini kusema hakuna kilichopita pale napo ni kujifanya hatusikii.

Na mwanamke mwenyewe akichoka atajibu vipi? "Kwani lazima niolewe?"

Hapo kwenye kwani ndipo mimi nilipopata mizani yangu. Wanafalsafa wana kipimo chao cha kutofautisha kilichodaiwa na kilichotanguliziwa, alikileta Benny Shanon mwaka 1976, kwamba kilichotanguliziwa unakipinga kwa kumsimamisha mtu, ngoja kwanza, sikujua kama kuna kitu hicho. Sisi tumepewa maneno mawili yaliyokwisha kuchongwa kwa kazi hiyohiyo. Mtu akisema anampokea dada yake una njia tatu. Unyamaze, umepisha. Useme "kumbe una dada!", umepisha lakini umetangaza kwamba ni jipya, umeweka risiti. Au useme "kwani una dada?", umefunga mlango mpaka aeleze. Kimya, kumbe, kwani. Kila ninapopata kesi ngumu najiuliza kwanza ipi kati ya hizo tatu msikilizaji angetamani kuisema, na pili, ambalo ndilo muhimu zaidi kwangu, ingemgharimu nini kuisema.

Maana huo ndio mlango wa nyuma niliousema kwa Stalnaker na Lewis. Wote wawili wanategemea ukimya wa msikilizaji, mmoja anauita kukubali, mwingine kutopinga. Lakini watu hawanyamazi kwa sababu moja. Kwa dada unanyamaza kwa kuwa hujali. Kwa meseji ya asante unanyamaza kwa sababu kusema "kwani nilikubali?" kwa mtu aliyekuja na shukrani mkononi unaonekana huna adabu. Mbele ya bosi unanyamaza kwa sababu ni bosi. Mke wa yule jamaa ananyamaza kwa sababu kuna mgeni. Ukimya ni uleule kwenye ubao wa matokeo, na msemaji mjanja anachagua mahali pa kuchomeka kitu chake kwa kuangalia bei, sio kwa kuangalia kama kipo kwenye msingi.

Kwa hiyo mimi kanuni yangu ina miguu miwili, wa kwanza nimeuazima na wa pili nimeuchonga: tangulizia unachokijua, na ambacho "kwani" yake ni rahisi kwa unayeongea naye. Dada: anajua, na kwani yake ni bure, pita. Mtoto wa nje: anajua, ila kwani ya yule mke ni ghali mno, amekosea. Hongera: hajui, amekosea hata kama umefaulu. Asante kwa kukubali: hajui na kwani yake ameipandisha bei makusudi kwa kuivika shukrani, amekosea mara mbili. "Hajaolewa" mguu wa kwanza unachechemea, nakubali, ila wa pili unasema kitu cha maana, kwamba inategemea unamwambia nani na kama ana ubavu wa kukujibu.

Kuna kesi moja inanisumbua na siifichi. Mwanaisimu Lauri Karttunen mwaka 1974 alitaja matangazo ya namna ya "tunasikitika kwamba watoto hawataweza kuongozana na wazazi wao kwenye mahafali". Kusikitika kunatangulizia jambo lipo na linajulikana, wakati hilo ndilo tangazo lenyewe, ndio kwanza linatolewa. Aliyeandika anajua, mguu wa kwanza uko sawa. Kwani yake ni ghali, utamwambia nani, karatasi? Kwa kanuni yangu ingebidi niseme kosa, na wengi hawaoni kosa hapo. Mimi nikilitazama vizuri naliona kidogo, lile tangazo limeikwepa amri, halikusema "tumewakataza", limesema "tunasikitika", kama vile katazo limetoka mawinguni na wao wanaomboleza pamoja nawe. Huenda nalazimisha. Mtu wa Stalnaker atakwambia hapo msomaji anaijua haki ya mtoa tangazo kuamua, kwa hiyo dhana inapita, na kwa hilo jibu lake ni safi kuliko langu.

Sasa wewe unachagua nini. Kama unaandika juu ya maana ya maneno, viambishi, nini kinabebwa na nini, kaa na Frege na Strawson usihangaike na vichwa vya watu. Kama unataka kueleza mazungumzo yanavyosonga kati ya watu wenye nia njema, kwa nini wanaruka hatua na bado wanaelewana, Stalnaker, tena pamoja na ile hoja ya muda, usimchukue wa mwanzo peke yake. Kama unachambua siasa, matangazo, mahojiano ya polisi, kejeli, sehemu yoyote ambayo kitu kinaingia bila kupigiwa kura, mchukue Lewis na Langton, ila chukua kama ramani ya kinachotokea, ukianza kumwomba hukumu utajikuta unamtetea mwenye goli la kuotea. Na ukitaka kumshika msemaji shati umuulize kwa nini umefanya hivi, anza na ujuzi, ongeza bei ya kwani. Unaweza kutumia mbili kwa kesi moja wala hakuna dhambi, mradi useme wazi sasa hivi unamhukumu nani, maana mabishano mengi niliyoyaona mmoja anaitetea sentensi na mwenzake anamshambulia msemaji, wanamaliza saa nzima hawajakutana.

Ile meseji niliijibu. Nilikaa siku mbili, nikajiambia mimi ndiye ninayeandika habari hizi, nikinyamaza nitakuwa nimejichekesha, nikamwandikia kwa upole wote: "Samahani ndugu, kwani nilikubali lini?" Akajibu ndani ya dakika moja. "Aa sawa, hamna shida kabisa, basi ukimaliza hiyo ya kwanza niambie ndio nikutumie ya pili."